Kaisari Zizini Kwetu

Baba alinipigia simu Ijumaa, wakati wa mapumziko ya saa nne, nikiwa chumba cha walimu na kikombe cha chai mkononi. Hata shikamoo yangu hakuingoja. "Mwanangu, kesho asubuhi uwe hapa nyumbani. Kuna pesa ya Warumi imeletwa, na wewe ndiye wa kuisoma." Nilicheka. Nikamuuliza, jamani Baba, pesa ya Warumi imefikaje Bahi, imepanda bodaboda? Akakata simu.

Hazikupita dakika tano, akapiga Mama. Alikuwa ananong'ona, nadhani alijificha nyuma ya jiko. "Wewe njoo, tena usichelewe. Baba yako anataka kuwatoa ng'ombe wote kwa hicho kipande. Lori linakuja kesho kuwachukua." Chai ilinipalia mpaka mwalimu wa hesabu akanipiga mgongoni.

Niwaeleze hao ng'ombe, maana bila wao hakuna cha kusimulia. Zizini kwetu walikuwa wamebaki kumi na wanne baada ya ukame kuwamaliza wengine, na kumi kati yao walikuwa mahari yangu mimi. Kwetu, ng'ombe walioletwa kwa ajili ya dada ndio wanaoondoka kwenda kumwolea mke ndugu yake wa kiume. Mdogo wangu alikuwa amechumbia Kongwa, wazee walishakubaliana ng'ombe kumi, na kufikia siku ya kuwapeleka zilikuwa zimebaki wiki tatu. Yule binti alikuwa amemsubiri miaka miwili. Baba wa binti alishasema wazi kwamba mwaka wa tatu hausubiriwi, tena kuna mwenye duka mmoja alikuwa anapitapita pale kwao na zawadi za sukari. Ng'ombe wakipanda lori, ndoa ya mdogo wangu imekufa. Ndivyo mambo yalivyokuwa.

Sasa hao Warumi. Hapo kosa ni langu, nakiri. Chuo kikuu niliandika utafiti wangu wa mwisho juu ya sarafu za wafalme wa Roma. Wenzangu walinicheka mpaka machozi: mtoto wa Bahi na pesa za Warumi, wapi na wapi! Sikuwahi kuigusa hata moja, nilizisoma kwenye picha tu, kwenye vitabu vya maktaba vilivyochanika. Lakini zilinishika. Fikiria, hakuna redio, hakuna gazeti, mfalme anakaa Roma, na mtu wake wa mwisho anachunga mbuzi ukingoni mwa jangwa na hatamwona maisha yake yote hata mgongo. Lakini Kaisari anaingia mpaka kwenye kibindo cha mchungaji huyo. Upande mmoja kichwa chake kimevikwa taji la majani, upande wa pili chochote anachotaka uamini.

Na waliaminisha watu mambo, wale! Mmoja alikufa akiwa amepita miaka sabini, lakini kwenye sarafu mpaka siku ya mwisho ni kijana mwenye mashavu laini. Wakaandika kwamba ni mwana wa mungu. Mwaka mmoja majeshi yao yalikuwa yanachinjana yenyewe kwa yenyewe, na mwaka huohuo wakagonga sarafu yenye mikono miwili inayoshikana, na maneno ya kusifu upatano wa askari. Iliyonikaa rohoni zaidi ni ile ya mwanamke ameketi chini, ameshika tama, analia chini ya mtende. Huyo mwanamke ni nchi nzima iliyoshindwa vitani. Wakamchapa kwenye fedha, ili walioshindwa wanunue mkate kwa kilio chao wenyewe. Fedha yenyewe wakawa wanaipunguza kidogo kidogo na kuchanganya shaba, sura ya Kaisari ikibaki inang'aa vilevile. Waongo wakubwa! Mpaka leo huwaambia wanafunzi wangu, ukishika pesa yoyote, jiulize nani anaongea na wewe. Mkuu wa shule ameshaniambia mara mbili kwamba hayo hayamo kwenye mtaala.

Yote haya nilimsimulia Baba likizo moja, tukibangua karanga. Nilitaka kujionyesha, basi. Miaka yote ya ada alikuwa hajui nilisomea nini hasa. Alisikiliza karanga zimemganda mkononi. Kanisani alishasikia habari za dinari yenye sura ya Kaisari, kwa hiyo kwake niligeuka mtu aliyesomea jambo la maana sana. Tangu siku hiyo hakuna mnada wa ng'ombe aliokwenda bila kutangaza kwamba binti yake anasoma pesa za Kaisari. Alimtangazia kila mtu, pamoja na mtu ambaye hakupaswa kusikia.

Jumamosi nilifika saa tatu. Upepo ulikuwa unapuliza vumbi kutoka kwenye majaruba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, na kitu cha kwanza nilichokiona ni lori. Fuso kubwa, limeegeshwa limegeuza mgongo kwenye mlango wa zizi, mbao za kupandishia mifugo zimeshashushwa.

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha ngozi, amevaa shati la kanisani. Mbele yake aliketi mwanamume wa makamo, amevaa koti la suti kwenye jua lile, anatabasamu. Mdogo wangu alikuwa amesimama kando ya zizi na fimbo, haangalii mtu. Nilimwamkia Baba, akaitikia kwa furaha, akasema, "Ehe! Mwenye macho kafika." Yule wa koti akainuka nusu. "Mbukwenyi, mwalimu," akasema, kwa lafudhi ya mtu ambaye Kigogo chake kimeazimwa njiani.

Alinieleza kwa adabu zote. Kitu kile ni fedha ya Kaisari wa Roma, ndani yake mna madini ambayo wazungu wanayatafuta, na yuko tajiri Dodoma mjini, kwenye hoteli, anayeisubiri kwa mamilioni. Nikamuuliza mbona asiuze mwenyewe. Akasikitika. Haiwezekani, mwalimu, lazima ipite mkononi mwa mzee mwenye zizi na uzao, la sivyo nguvu yake inakufa. Baba akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayesikia jambo alilolijua siku nyingi. Nilimwangalia Baba yangu, ambaye huwezi kumdanganya umri wa ng'ombe hata ukimfunga macho, nikashindwa kuelewa.

Kisha yule mtu akafungua kitambaa chekundu, akanipa.

Hapa ndipo nilipoharibu. Ilikuwa fedha kweli, nzito, ya zamani kweli. Upande wa juu palikuwa na kichwa cha mtu mwenye masharubu, amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Pembeni, kwa herufi za Kirumi, jina, namba II, halafu neno moja. Miaka yote ya picha, na sasa neno lile lilikuwa kiganjani mwangu! Sikufikiri. Nililisoma kwa sauti, tena kwa raha: "Imperator!"

Baba alipiga makofi. "Maana yake?"

"Kaisari," nikasema. "Mfalme mkuu wa..." Nikageuza upande wa pili, nikaona simba na mnazi uliolika, na chini yake neno rupia limeandikwa Kijerumani. Mungu wangu. "Baba, ngoja. Hii si ya Roma. Hii ni rupia ya Mjerumani. Kaisari wao alijiandikisha kwa Kilatini ili aonekane mrithi wa Warumi. Aliiga tu!"

Lakini Baba alishasikia alilotaka. "Umesema Kaisari mwenyewe kwa mdomo wako," akaniambia. Yule wa koti akaingilia taratibu kwamba ndiyo, Mjerumani aliichukua kwa Mrumi, akaiyeyusha, akaigonga upya, nguvu ni ileile. Nikamwambia, wewe mtu, una haya kweli? Baba akanikemea. "Mgeni wangu huyo!"

Nikajaribu kwa ukweli. Nikamweleza Baba kwamba Kaisari yule hakukanyaga nchi hii, alituma sura yake. Wakatoza kodi, wakasema kodi inalipwa kwa rupia tu, na babu zetu hawakuwa na rupia, kwa hiyo iliwabidi waache mashamba yao wakamfanyie Mjerumani kazi ili wapate kipande hiki wakamrudishie yeye mwenyewe. Nilidhani nimemgusa. Baba akaichukua rupia, akaipima kiganjani, akasema polepole, "Iliwatoa watu wazima majumbani mwao. Kumbe ina nguvu kweli."

Nilitaka kulia kwa hasira.

Yule wa koti akaona ndipo pa kumalizia. Akatoa mfukoni kijikaratasi chenye punje za mchele, akaisogeza rupia, na punje zikaifuata, zikaing'ang'ania. Wengi wamepoteza mashamba kwa mchezo huo wa sumaku iliyofichwa kidoleni na mchele uliopakwa unga wa chuma. Nikamwita Mama alete mchele wetu, wa hapahapa Bahi, kutoka kwenye gunia la ndani. Mama alikuja mbio, kanga imemteleza begani. Nikaiweka rupia juu ya mchele wa Mama, nikainua. Hata punje moja haikushika. "Haya! Si mnaona?" nikapiga kelele. Yule mtu akatikisa kichwa kwa huruma. "Mwalimu ameolewa," akamwambia Baba. "Ameshatoka kwenye ukoo. Mkono wake umeipoza."

Sijui nini kilinipanda. Nilimgeukia mdogo wangu, nikamwambia na wewe umesimama tu kama kigingi, mke ni wa nani? Kijana mwema, lakini mbele ya Baba ulimi wake hufungwa. Basi nikasema mimi, tena mbele ya mgeni, neno ambalo binti hamwambii baba yake: "Kumi kati ya hao ni ng'ombe wangu. Mimi ndiye niliyewaleta hapa."

Baba aliinuka. Hakunipigia kelele, na afadhali angepiga. Alisema kwa sauti ndogo kwamba tangu alipokufa baba yake hakuna mtu aliyemhesabia zizi lake. Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Fungua."

Mdogo wangu akatoa mti wa kwanza wa mlangoni, akatoa wa pili. Ng'ombe wa kwanza kutoka alikuwa dume la kahawia, akagoma, dereva wa lori akamsukuma kwa ubavu, kwato zikagonga mbao. Mama alishika kichwa kwa mikono miwili. Yule dume akapanda. Nikaona wa pili anafuata, na ninaapa nilimwona pale yule binti wa Kongwa akipokea sukari ya mwenye duka.

"Baba," nikasema, "nisamehe. Naomba niisome tena. Sikumaliza kusoma."

Alisita. Alikuwa bado amekasirika, lakini binti yake alikuwa amesema anataka kusoma, na hilo hakuwahi kulikataa maisha yake yote. Aliuza mbuzi ili nisome. Akaninyooshea rupia bila kuniangalia. Yule wa koti alitaka kusema jambo, Baba akamnyamazisha kwa mkono: "Mwache asome. Si wewe uliyesema nimwite?"

Niliisogeza karibu na macho. Niliizungusha polepole, herufi baada ya herufi, nikitembeza midomo. Nilisoma jina. Nilisoma namba. Nilisoma Imperator. Kisha nikashusha pumzi, nikasema kwa sauti ninayotumia darasani siku ya mkaguzi, "Kilatini ni lugha ya kubana, Baba. Neno moja linabeba mengi. Hapa pameandikwa hivi: Atakayetoa mali ya watoto wake apate uso huu, yeye na uzao wake ni watumwa wangu."

Hapakuandikwa kitu kama hicho. Hapakuwa na nafasi hata ya nusu yake.

"Rudia," Baba akasema.

Nilirudia. Niliogopa kukosea hata neno moja, maana Baba ana sikio la mtu asiyeandika, akikisikia kitu mara moja amekishika. Nilisema vilevile: yeye na uzao wake ni watumwa wangu. Mama akaguna kwa sauti, "Uuuwi!" Sikujua kama ananisaidia au ameamini. Baba alimgeukia yule wa koti, rangi imembadilika. "Ulikuwa unajua?"

Yule mtu akafungua mdomo. Angesema nini? Kwamba hapajaandikwa hivyo? Asubuhi nzima alikuwa amemhakikishia Baba kwamba mimi ndiye msomaji, na yeye mwenyewe hakujua kutofautisha Kilatini na maandishi ya kwenye gunia la mbolea. Alisema tu, "Mzee, hayo ni mambo ya zamani." Hilo ndilo lililommaliza. Baba alinyang'anya fimbo mkononi mwa mdogo wangu, akaenda mwenyewe kwenye lori, akawashusha ng'ombe wawili kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Dereva hakubishana. Dume la kahawia lilishuka kinyumenyume, nusura livunjike mguu.

Yule wa koti alinipita akielekea kwenye lori. Nilimtupia rupia yake, akaidaka vizuri tu, bila hasira. Akaniinamia kidogo. "Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "siku ukichoka na chaki, nitafute." Nilimsonya.

Nilidhani nitamwambia Baba ukweli, taratibu, hasira zikitulia. Wiki iliyofuata nilirudi kwa ajili hiyo tu. Nilimkuta nje, peke yake, anasuka kamba. Nikaanza, "Baba, ile rupia..." Akainua mkono. Akasema hajalala vizuri tangu siku ile. "Mtu mzima kama mimi, nilitaka kumnyima mwanangu mke kwa kipande cha fedha. Kama ungekuwa ujinga wangu tu, nisingeweza kumtazama mama yako usoni. Lakini nashukuru ulisoma. Ilikuwa imeandikwa. Yule Kaisari alinikamata, si mimi." Machozi yalikuwa yamemlengalenga. Baba yangu! Nikashika ncha ya pili ya kamba, nikamsaidia kusuka. Mama alikuwa anatuangalia toka mlangoni, na kwa jinsi alivyonitazama nilijua kwamba yeye hakuamini hata dakika moja.

Ng'ombe kumi walifika Kongwa siku iliyopangwa. Wazee wa kule waliwakagua, wakaridhika, tukakalishwa kwenye viti na mikeka, chakula kikaletwa. Binti alitoka kutusalimia. Mdogo wangu alikuwa anatabasamu bila mpango. Nilianza kula kwa raha kwa mara ya kwanza tangu ile simu. Ndipo Baba akainuka kutoa neno la upande wetu.

Aliwasimulia yote. Hakujificha hata kidogo, alieleza lori, koti, mchele. Alipofika kwenye rupia, sauti ikapanda. Sasa herufi zilikuwa ziking'aa. Sasa rupia ilikuwa ya moto kiganjani mwangu, na mimi nilisoma nikilia. Kisha akayasema yale maneno, bila kupunguza hata moja, yeye na uzao wake ni watumwa wangu, na mwanamke mmoja pale uani akamvuta mtoto wake karibu. Ndiyo maana, Baba akawaambia, ng'ombe hawa mnaowaona si ng'ombe wa kawaida, wamekombolewa kwa Kaisari. Wazee wakaitikia kwa mshangao. Binti akamtazama mdogo wangu kwa macho ambayo mwenye duka hawezi kuyanunua.

"Na aliyesoma ni huyu," Baba akasema. "Binti yangu. Mwulizeni mwenyewe."

Baba wa binti, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, akanigeukia. Akasema yeye alisoma seminari kidogo ujanani, Kilatini amekisahau, lakini angependa kujua: ni kweli yaliandikwa hivyo?

Nilisimama. Nilimwona Mama ameinamisha kichwa anachokonoa ukili wa mkeka. Nilimwona Baba amesimama wima na shati lake la kanisani, amejaa fahari, ananingoja. Kitu pekee kilichokuwa kinamshikilia asiwe mzee mjinga mbele ya wakwe zake kilikuwa mdomoni mwangu.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Ndivyo ilivyoandikwa." Kisha nikayarudia maneno yote, kwa sauti ya darasani, wasikie hata waliokaa nyuma.